Sarafu ya Shilingi 200: Habari ya Mazoea Yafungayo Watu, na Njia za Kuyafungua



Nimeomba nafasi katika gazeti letu niandike juu ya jambo ambalo kwa desturi hatuliandiki, bali hulinong'ona bwenini taa zikisha kuzimwa. Jambo lenyewe ni mazoea yamshikayo mtu hata asiweze kuyaacha, ingawa aona kwa macho yake kwamba yamharibu. Wako walioshikwa na sigara, wako walioshikwa na pombe, wako walioshikwa na bangi au mirungi. Mimi nilishikwa na mashine ya kamari.

Kwanza nitasema yaliyonipata. Kisha nitaeleza yale niliyojifunza katika saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, juu ya sababu za kifungo hiki na njia za kutoka. Sisemi haya ili nisifiwe, wala ili nihurumiwe. Nasema kwa kuwa najua si mimi peke yangu.

Hali hii kwa Kiswahili cha leo huitwa uraibu. Zamani uraibu ulikuwa ni kile kitu chenyewe cha kutafuna au kuvuta kwa starehe, kama tambuu na tumbaku, alichokaribishwa nacho mgeni barazani. Siku hizi neno hilohilo latumika kwa hali ya mtu kutawaliwa na kitu hicho. Yafaa tukumbuke maana zote mbili, maana hakuna aanzaye kwa taabu. Kila mtu huanza kwa starehe.

YALIYONIPATA

Mwaka jana, likizo ya Juni, nilipokuwa Kidato cha Tatu, mama alinituma dukani kununua mafuta ya kupikia. Mama yangu hupika vitumbua na kuviuza kituo cha basi, na kwa kazi hiyo ametulea watoto wanne. Kando ya duka ilikuwapo mashine ile iitwayo dubwi. Mtu hutia sarafu ya shilingi 200, huchagua picha ya tunda, hubonyeza kitufe, na taa huzunguka juu ya picha zote mpaka isimame. Ikisimama juu ya picha uliyoichagua, mashine hutoa sarafu nyingi kwa kelele. Ikisimama pengine, sarafu yako imekwenda.

Sheria ya nchi yetu yakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari. Mimi nilikuwa na miaka 16, lakini hakuna aliyeniuliza. Nilitia sarafu moja ya chenji ya mama. Zilitoka sarafu 20, yaani shilingi 4,000. Nilirudi nyumbani na mafuta mkononi na moyo ukinidunda. Usiku ule nilisikia ule mlio wa sarafu mpaka nikapitiwa na usingizi.

Likizo ya Desemba nilicheza karibu kila siku, kwa fedha nilizopata kwa kubeba mizigo kituoni. Januari ilipofika mama alinipa shilingi 60,000. Zilikuwa za nauli, madaftari, sabuni, na shuka mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechanika katikati. Nilifika kituoni saa kumi na moja alfajiri. Basi lilichelewa. Nikajiambia kwamba nitacheza sarafu tano tu, ili nizidishe fedha za mama. Basi lilipokuja sikulipanda. Jioni nilikuwa nimebakiwa na shilingi 22,000. Nilipopiga hesabu niliona kwamba sarafu 190 ziliingia mle ndani zisitoke tena.

Nilijificha kwa rafiki yangu siku tatu, kisha nikaja shuleni bila shuka wala madaftari. Mwalimu wa zamu nilimwambia kwamba nimeibiwa njiani. Mama sikumwambia neno. La ajabu ni hili: siku zile zote niliichukia ile mashine, na papo hapo niliitamani. Nikadhani kwamba nimeumbwa mwovu.

Mwezi wa Februari mwalimu wetu wa ushauri aliniita ofisini. Niliingia nikitetemeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Zile fedha ziliibiwa, au zilichezwa?"

Sikuweza kujibu. Alininyamazia kitambo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia: "Mchezo ule ulikupa nini kizuri?" Nilikuwa nimejiandaa kuchapwa, sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nikajibu kwamba ulinisahaulisha shida za nyumbani kwa saa moja. Akauliza tena, "Na ulikunyang'anya nini?" Hapo nikasema yote, hata habari ya shuka. Mwisho akanifungulia kabati lake la vitabu akaniambia, "Wewe wapenda elimu ya viumbe. Basi jichunguze kama unavyomchunguza panzi, uniandikie uonayo." Habari hii imetoka katika daftari lile.

KWA NINI MTU HUFUNGWA

Jambo la kwanza nililolikuta lilinituliza: kufungwa huku kuna kanuni zake. Katika miaka ya 1930 na baadaye, B. F. Skinner wa Marekani alifanya majaribio ya kuwaweka panya na njiwa katika kisanduku. Mnyama akibonyeza kibao au akidonoa kitufe, hupata chakula. Skinner aliona kwamba mnyama apewaye chakula kila mara hubonyeza kwa kadiri ya njaa yake, na chakula kikikatwa huchoka upesi akaacha. Lakini mnyama apewaye chakula kwa bahati tu, leo baada ya mara tatu, kesho baada ya mara thelathini, hubonyeza bila kupumzika. Na hata chakula kikikatwa kabisa, huendelea kwa muda mrefu sana. Mwaka 1953 Skinner mwenyewe aliandika kwamba mashine za kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Nilipoyasoma hayo nilijiona mle kisandukuni. Kama dubwi lingenilipa kila mara, au lisingenilipa kamwe, ningaliliacha siku ya pili.

Jambo la pili ni alama. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akizoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa, hutokwa na mate kwa mlio peke yake, hata chakula kisipokuwapo. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi, aliona jambo kama hilo ndani ya ubongo wa nyani. Ziko chembe za ubongo zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Mwanzoni chembe hizo ziliamka nyani alipoonja maji ya matunda. Alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia maji hayo, ziliamka taa ilipowaka, kabla hajaonja kitu. Ndiyo sababu mvutaji wa sigara akisikia harufu ya kiberiti, au mlevi akipita mbele ya kilabu, hushikwa na hamu kabla hajafikiri. Kwangu alama zilikuwa mlio wa sarafu, kituo cha basi, na chenji mfukoni.

Jambo la tatu ni kukosa kidogo. Mara nyingi taa ilisimama tunda moja baada ya langu, nami nikasema, "Nimekaribia!" Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitazama bongo za watu wakicheza mashine ya majaribio. Waliona kwamba kukosa kidogo kuliamsha sehemu zilezile za ubongo ziamshwazo na kushinda, na kulizidisha hamu ya kucheza tena, ingawa fedha ilikuwa imekwenda sawasawa na aliyekosa kwa mbali.

Jambo la nne ni hesabu mbaya. Mcheza kamari akishindwa mara kumi husema, "Sasa zamu yangu yaja." Lakini mashine haina kumbukumbu, wala haina deni kwa mtu. Mwalimu alinipa zoezi hili, nanyi mwaweza kulifanya. Tuchukue mfano wa mashine irudishayo, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Mtu ana shilingi 2,000, na kila arudishiwacho akitia tena. Baada ya mzunguko mmoja ana 1,800. Baada ya miwili 1,620. Baada ya mitano 1,181. Baada ya kumi 697. Baada ya ishirini 243. Katikati ya njia hiyo atashinda mara nyingi, na kila ushindi ataukumbuka. Ila anayeendelea kucheza humalizikia palepale.

Kwa sababu kama hizi mabingwa wa tiba wamebadili fikira zao. Zamani kamari ilihesabiwa kuwa utundu au udhaifu wa tabia. Katika orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, uraibu wa kamari umewekwa katika fungu moja na uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya.

NJIA ZA KUJIFUNGUA

Sasa nitaeleza njia ambazo wanasaikolojia wametumia, pamoja na nilivyozijaribu mimi. Sitazitaja zote, bali zile tu nilizozielewa.

Ya kwanza ni kuulizwa badala ya kukemewa. William Miller wa Marekani alikuwa akiwatibu walevi. Aliona kwamba wale waliopata washauri wenye kusikiliza waliendelea vizuri kuliko wale waliopata washauri wasiosikiliza. Mwaka 1983 alieleza njia yake kwa maandishi. Mtu akishindaniwa, hujitetea, na kila akijitetea huzidi kuyakumbatia mazoea yake. Lakini akiulizwa kwa upole yale ayapendayo na yale anayoyaogopa, huzitaja mwenyewe sababu za kuacha. Na sababu iliyotoka kinywani mwako ina nguvu kuliko ya kuambiwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Mwalimu aliniuliza vile. Fimbo ningaliisahau kwa juma moja. Lakini lile neno "shuka", nililolisema mwenyewe, sikulisahau.

Ya pili ni kuzijua alama na kuziondoa njiani. Niliandika katika daftari kila saa hamu iliponijia: wapi, saa ngapi, na nani, na kabla yake kulitokea nini. Baada ya majuma matatu niliona jambo la wazi. Hamu ilinijia zaidi nilipopata barua ya nyumbani yenye habari za shida, na nilipokuwa na fedha taslimu. Basi fedha zangu nilizikabidhi kwa Mwalimu, nikawa nachukua kidogo kidogo kwa kuandika sababu. Wenzangu walinicheka, lakini mtu asiye na sarafu hana cha kutia.

Ya tatu ni kuzisahihisha fikira. Robert Ladouceur wa Chuo Kikuu cha Laval, Canada, aliwatibu wacheza kamari kwa kuwafanya waseme kwa sauti yale wanayoyafikiri wakicheza, kisha wakayachunguza kama hesabu. Mimi nami niliandika fikira zangu upande mmoja wa ukurasa, na majibu upande wa pili. "Nimekaribia kushinda." Jibu: Nimeshindwa. "Nitazirudisha fedha za mama." Jibu: Ndivyo nilivyosema kabla ya sarafu ya 1, na kabla ya sarafu ya 190. Ukiyasoma hayo wakati wa utulivu, wayaona ni upuuzi. Ukiwa mbele ya mashine wayaona ni akili. Kwa hiyo yafaa kuyaandika mapema.

Ya nne ni kuingoja hamu ipite. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alifundisha kwamba hamu ni kama wimbi la bahari. Huinuka, hufika juu, kisha hushuka yenyewe. Anayedhani kwamba itazidi kuinuka milele hukata tamaa akaitii. Anayekaa kimya, akitazama pumzi zake na jinsi mwili unavyotaka, huiona ikishuka. Niliijaribu bwenini nikitazama saa ya ukutani. Wimbi langu refu kuliko yote lilidumu dakika 25.

Pamoja na hiyo iko njia ya kuweka mpango wa "nikikutana na hili, basi nitafanya lile". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1999 kwamba mtu aliyeamua kabla ni wapi na vipi atatenda hutimiza nia yake kuliko aliyesema tu, "Nitajitahidi." Mpango wangu ulikuwa huu: Nikisikia mlio wa dubwi kituoni, basi nitavuka barabara niketi kwa mama mkubwa auzaye mboga mpaka basi lije.

Ya tano ni mahali na wenzi. Lee Robins, bibi mtaalamu wa Marekani, alichunguza habari za askari wa nchi yake waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja katika kila watano alisema kwamba huko vitani alikuwa mraibu wa heroini. Watu walitazamia balaa kubwa. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani, katika kila 100 waliokuwa waraibu, kama 5 tu ndio waliorudia kuwa waraibu. Walikuwa wametoka mahali penye hofu, na dawa, na wenzi wa kuvuta nao, wakaingia mahali pengine penye kazi na jamaa. Nami nilipokuwa hapa shuleni sikuona taabu kubwa, kwa kuwa hapa hakuna mashine. Nilidhani nimepona. Kumbe nilikuwa mbali na alama zangu tu, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu wenzi, twajua kwamba mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mmoja daktari, walianza kukutana ili kila mmoja amsaidie mwenziwe asinywe. Hivyo chama cha Alcoholics Anonymous kilianza, kikaenea duniani. Mwaka 1957 wacheza kamari wa Los Angeles walianzisha chama cha namna hiyo. Wazee wetu walilijua jambo hili, waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi mwenzangu ni kijana mmoja wa bweni letu apiganaye na sigara. Kila Jumamosi baada ya kufua nguo twaulizana, "Juma hili vipi?" Hatukaripiani. Akiwa amevuta, husema, nami huuliza, "Ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?"

Ya sita, nayo kwangu ni kubwa kuliko zote, ni kujua kuinuka. Likizo fupi ya Aprili nilishuka kituoni nyumbani, nikasikia ule mlio. Yule mama mkubwa hakuwapo siku ile. Nilitia sarafu moja, ya pili, ya tatu. Ndipo ikanijia fikira hii: "Umekwisha kuharibu yote, basi endelea." Kwa bahati njema nilikuwa nimesoma habari za fikira hiyo. Marlatt alionyesha kwamba anayeamini kuwa kosa moja limeharibu kazi yote hujiona hafai, na kwa uchungu ule hurudia mazoea yake kwa nguvu. Kosa moja na kurudi utumwani ni mambo mawili mbalimbali. Waswahili husema kuteleza si kuanguka. Nikatoa mkono wangu kwenye kitufe nikaenda zangu. Nilipoteza shilingi 600. Niliporudi shuleni nilimweleza Mwalimu. Tukakaa pamoja tukautengeneza mpango: kama mama mkubwa hayupo, nitakwenda kuketi kwa fundi viatu.

KUZUIA KABLA YA KUPONYA

Wazazi na walimu huenda wakauliza, Je, hatuwezi kuwatisha vijana mapema wasianze kabisa? Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1983 mjini Los Angeles ulianzishwa mpango wa kupeleka askari polisi madarasani kuwaonya watoto juu ya dawa za kulevya. Mpango ulienea Marekani nzima, na watu waliupenda. Lakini wachunguzi walipowalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa miaka kadhaa baadaye, hawakuona tofauti ya maana katika kutumia dawa hizo. Kutishwa peke yake hakutoshi. Kijana asikiaye kwamba sigara moja itamwua, kisha akavuta moja asife, hamwamini tena aliyemwambia.

Njia nyingine ilitengenezwa na Gilbert Botvin wa New York tangu mwisho wa miaka ya 1970. Yeye aliwafundisha wanafunzi mambo wanayoyahitaji kweli: namna ya kukataa mbele ya wenzao bila kugombana, namna ya kutuliza wasiwasi, namna ya kuamua jambo, na namna ya kutambua hila za matangazo. Tena hawakuambiwa tu, walifanya mazoezi kwa maigizo. Njia hiyo ilionyesha matokeo mema, hasa katika kupunguza sigara. Basi naomba chama chetu cha maigizo kifikirie jambo hili. Kusema "Hapana, asante" mbele ya vijana watano wakubwa kuliko wewe ni kazi ngumu, na kazi ngumu yataka mazoezi.

Lazima niseme pia kwamba si kila uraibu waponywa kwa maneno peke yake. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiikate ghafula bila daktari, maana aweza kupata kifafa na hata kufa. Aliyezoea heroini huhitaji dawa pamoja na ushauri. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa dawa iitwayo methadoni kwa watu kama hao, nao huipata pamoja na ushauri. Pia si kila mtu hufaulu mara ya kwanza. Wengi hurudia mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa, na hilo si dalili kwamba tiba ni ya uongo.

NENO LA MWISHO

Limebaki jambo moja. Mwezi wa Juni mwaka huu nilikwenda nyumbani nikiwa na nia ya kumwambia mama. Nilikaa siku nne nisiweze. Siku ya tano, alfajiri, tulipokuwa tukikoroga unga wa vitumbua, nilisema, "Mama, nina neno." Nikamweleza yote, tangu sarafu ya chenji mpaka ile habari ya kuibiwa. Aliendelea kukoroga. Nilidhani hakusikia. Mwisho akauliza, "Siku zile tatu, ulikuwa unakula nini?" Sikuweza kujibu, tukanyamaza wote wawili mpaka mafuta yakachemka.

Baadaye tulipatana. Mwezi ule wote niliamka saa tisa usiku kusaga mchele na kukoroga unga, na asubuhi nilibeba ndoo kituoni. Kila siku nilipita mbele ya dubwi, na kila siku nilivuka barabara. Ujira wangu mama aliuandika ukutani kwa mkaa, akiupunguza katika deni. Kati ya shilingi 38,000 nimelipa 27,000. Zimebaki 11,000, nazo nitazimaliza likizo ijayo nikijaliwa. Siwezi kusema kwamba nimepona. Naweza kusema kwamba tangu zile sarafu tatu za Aprili sijatia nyingine.

Ndugu zangu mlio mabwenini, kama mnacho kitu mnachokichukia na kukitamani kwa wakati mmoja, msidhani kwamba mmeumbwa waovu. Mmefundishwa jambo, nanyi mwaweza kufundishwa jingine. Anzeni kwa kumwambia mtu mmoja mnayemwamini. Na ninyi wazazi na walimu, kijana akija kwenu na neno kama hili, nawaomba mumwulize kabla ya kumwadhibu. Huenda alikaa siku nne akitafuta namna ya kuanza.

Mama ameisoma habari hii kabla ya Mhariri, naye amenipa ruhusa ichapwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne